Ziada ya Umeme wa Jua: Kutoka Adhuhuri Hadi Usiku

Nyumba inayopata umeme kutoka katika paneli za jua hukabiliwa na tatizo ambalo wenyewe aghalabu hawakulitarajia. Wakati wa kujenga mtambo huogopa upungufu. Mtambo ukishaanza kazi, hutambua kwamba kwa saa kadhaa kila siku wana umeme mwingi kuliko kazi iliyopo, na kwamba jua likishazama hawana umeme wowote. Saa sita mchana, watoto wakiwa shuleni na watu wazima wakiwa kazini, paneli huwa tayari kutoa nguvu yake yote. Saa mbili usiku, taa zikiwaka na feni zikizunguka, paneli hizo hizo hazitoi hata wati moja.

Katika miaka ya karibuni zimeenea madukani inveta za aina iitwayo inveta mseto, pamoja na betri za lithiamu, na mara nyingi huuzwa kwa ahadi kwamba hakuna umeme wa jua utakaopotea tena. Ahadi hiyo ina ukweli kiasi. Hata hivyo, anayeipokea bila kupiga hesabu anaweza kununua betri mbili mahali ambapo moja ingetosha, na betri ndiyo sehemu ya mtambo inayochakaa upesi kuliko paneli. Makala haya yanaeleza ziada hiyo ni nini hasa, inaishia wapi isipotumiwa, na ni kwa utaratibu gani inafaa kugawanywa.

HESABU YA SIKU MOJA

Chukua mfano wa nyumba ya familia mjini Dodoma, nyumba ya kubuni lakini yenye vipimo vya kawaida. Juu ya paa kuna paneli 6, kila moja ya wati 500, yaani jumla ya kilowati 3. Nishati ya jua inayofikia kila mita ya mraba nchini Tanzania kwa kawaida huwa kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa siku, kutegemea mahali na majira. Kwa siku ya kiangazi katika nyanda kavu za kati, 5.5 ni kadirio la wastani. Kwa kuwa paneli hupimwa kiwandani chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, siku hiyo ni sawa na siku yenye saa 5.5 za jua kamili. Kilowati 3 mara saa 5.5 ni kilowati-saa 16.5, au uniti 16.5 kwa lugha ya mita ya umeme.

Kiasi hicho hakifiki chote ndani ya nyumba. Vumbi huziba mwanga, nyaya hula kidogo, na joto hula zaidi. Vipimo vya kiwandani hufanywa paneli ikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi. Juu ya bati, adhuhuri, paneli huweza kufikia nyuzi 60, na kwa kila nyuzi inayozidi 25 silikoni hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu yake. Hiyo peke yake ni zaidi ya asilimia 12. Ikipunguzwa sehemu moja ya tano kwa sababu zote hizo, yabaki yapata uniti 13.

Sasa matumizi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi, friji hutumia takriban uniti 0.6. Taa 8 za wati 9, zikiwaka saa 5, hutumia 0.36. Televisheni ya wati 80 kwa saa 4 hutumia 0.32, na feni mbili za wati 50 kwa saa 8 hutumia 0.8. Simu na redio zihesabiwe 0.12, na chai ya alfajiri 0.35. Kuna mtumiaji mwingine ambaye husahauliwa karibu kila mara, nayo ni inveta yenyewe. Chombo hicho hula labda wati 50 mfululizo, hata watu wakiwa wamelala. Kwa saa 13 hizo ni uniti 0.65. Jumla ya usiku mzima ni uniti 3.2.

Mchana nyumba ikiwa karibu tupu, friji, inveta na vyombo vidogo vidogo hutumia yapata uniti 1.7. Ili kurudisha katika betri uniti 3.2 zilizotumika usiku, inabidi kuingiza 3.6 hivi, kwa sababu kila safari ya kuingia na kutoka hupoteza sehemu yake. Ukitoa 1.7 na 3.6 katika 13, unabaki na uniti 7.7. Zaidi ya nusu ya uwezo wa mtambo haina kazi, ingawa betri imekwisha kujaa.

ZIADA HUISHIA WAPI?

Wengi huifikiria paneli kama chemchemi: maji yasipokingwa kwa ndoo, humwagika. Mfano huo unapotosha. Umeme hautoki katika paneli mpaka pawe na mahali pa kwenda.

Mwanga unapoingia katika silikoni huzitoa elektroni mahali pake. Mzunguko ukiwa umefungwa, elektroni hizo hupita katika waya, hufanya kazi na kurejea upande wa pili. Mzunguko ukiwa wazi hurudi mahali pake papo hapo ndani ya silikoni, na nishati yake karibu yote huwa joto. Kwa hiyo paneli isiyotumiwa haiharibiki. Hupata joto kidogo zaidi kuliko jirani yake inayofanya kazi, basi.

Jambo hili laweza kuonyeshwa kwa tarakimu. Paneli moja ya wati 500, ikiwa haikuunganishwa na chochote, huonyesha takriban volti 50, lakini mkondo wake ni ampea 0. Ncha zake mbili zikiunganishwa kwa waya mnene, hutoa takriban ampea 13, lakini volti huwa 0. Kwa kuwa nguvu ni volti mara ampea, katika hali zote mbili hakuna nguvu inayotolewa. Katikati ya hali hizo pana pointi moja, penye volti 42 na ampea 12 hivi, ambapo nguvu hufikia kilele cha wati 504. Inveta ya kisasa huitafuta pointi hiyo bila kuchoka, ikipandisha na kushusha volti kidogo kidogo na kupima matokeo, kwa sababu kilele huhama kila wingu linapopita.

Betri inapojaa, na nyumba ikawa haina kazi, inveta huacha kukitafuta kilele. Huziachia volti zipande kuelekea 50, na mkondo hushuka wenyewe. Ziada haikumwagwa wala haikuchomwa, bali haikuzalishwa. Ndiyo maana mwenye nyumba anayetazama kioo cha inveta saa saba mchana, jua likiwaka vikali, anaweza kuona mtambo wake wa kilowati 3 ukitoa wati 300 tu, na akamwita fundi akidhani paneli zimekufa. Paneli ni nzima. Jambo hilo pia lina maana kwamba kioo cha inveta hakionyeshi ziada kamwe: huonyesha uniti zilizozalishwa tu, na zile ambazo zingaliweza kuzalishwa hazimo katika hesabu yake.

KILICHOMO NDANI YA INVETA MSETO

Zamani mitambo ya nyumbani ilikuwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ilijitegemea: paneli, betri na inveta, bila uhusiano wowote na gridi ya taifa. Aina ya pili iliunganishwa na gridi bila betri. Inveta mseto huchukua kazi za aina zote mbili katika sanduku moja.

Ndani yake mna sehemu nne kuu. Ya kwanza hupokea mkondo mnyoofu kutoka katika paneli na kukitafuta kilele kilichokwisha kuelezwa. Paneli 6 zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa takriban volti 250 zinapofanya kazi na hufikia volti 300 zinapokuwa hazina kazi. Volti hizo za mkondo mnyoofu ni za hatari, kwa maana cheche yake haizimiki kwa urahisi kama ya mkondo geu, na paneli haziwezi kuzimwa maadamu jua linawaka. Sehemu ya pili husimamia betri na hufanya kazi kwa pande zote mbili, kuchaji na kutoa. Ya tatu ni daraja la transista, ambalo hukatakata mkondo mnyoofu maelfu ya mara kwa sekunde na kuufinyanga uwe mkondo geu wa volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Ya nne ni swichi ya kujiendesha, inayoiunganisha nyumba na gridi au kuitenga nayo.

Juu ya hizo kuna kifaa kidogo cha duara kinachozungushwa kwenye waya mkuu karibu na mita, bila kuugusa umeme wenyewe. Ni transfoma ndogo. Kazi yake ni kuiambia inveta mkondo unapita kwa kiasi gani na unaelekea wapi, ndani au nje. Kikifungwa kinyume, inveta hudhani nyumba inauza wakati inanunua, na maamuzi yake yote hupinduka. Mafundi wengi wamepoteza siku nzima wakitafuta ubovu uliokuwa katika duara hilo tu.

Mwenye mtambo huweza kuiagiza inveta ni nani atangulie. Utaratibu wa kawaida ni huu: umeme wa jua huhudumia nyumba kwanza, unaozidi huingia katika betri, na gridi huombwa mwishoni. Utaratibu mwingine huitunza betri ikiwa imejaa daima kwa ajili ya siku ya katizo, na usiku nyumba hutumia gridi. Wa kwanza hupunguza gharama, wa pili hupunguza giza. Haiwezekani kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu, na anayeuza inveta bila kumwuliza mnunuzi anachokitaka kati ya hivyo hajamaliza kazi yake.

KWA NINI NYUMBA YENYE PANELI HUWEZA KUWA GIZANI MCHANA

Mtambo wa aina ya pili, ulioungwa na gridi bila betri, una tabia inayowashangaza wengi. Umeme wa gridi ukikatika saa sita mchana, paneli zikiwa katika jua kali, mtambo huo nao huzimika. Huo si ubovu, bali ni sharti la usalama, na sababu yake inafaa kufundishwa darasani pamoja na somo la transfoma.

Transfoma hufanya kazi kwa pande zote mbili. Ile iliyo juu ya nguzo mtaani hushusha volti 11,000 au 33,000 za njia kuu hadi volti 400 na 230 za matumizi ya nyumbani. Lakini nyumba ikisukuma volti 230 kinyume, transfoma hiyo hiyo huzipandisha kuwa maelfu. Fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa anaweza kufa kwa umeme uliotoka katika paa la nyumba asiyoiona. Kwa ajili hiyo kanuni za kimataifa hutaka inveta iliyounganishwa na gridi itambue katizo na kujitenga ndani ya sekunde 2.

Inveta mseto hutii kanuni hiyo hiyo, ila kwa kuwa ina betri na swichi ya kujitenga, hufungua kwanza mlango wa kuelekea gridini, kisha huendelea kuihudumia nyumba peke yake. Haya yote hutegemea swichi iliyotengenezwa na kufungwa ipasavyo. Kuunganisha inveta kwa kuchomeka waya katika soketi ya ukutani, njia ambayo baadhi ya watu huitumia hata kwa jenereta, huiondoa kinga hiyo yote.

BETRI NA GHARAMA YA KILA UNITI

Betri ya risasi na asidi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na ndiyo iliyobeba mitambo ya jua kwa miongo mingi. Ubaya wake ni kwamba haitaki kumalizwa. Ikitolewa zaidi ya nusu ya chaji yake kila siku, sahani zake hugeuka kuwa salfati ngumu ya risasi na maisha yake hufupika. Betri ya lithiamu inayotumika zaidi majumbani leo ni ile yenye fosfati ya chuma, ambayo maelezo yake ya kitaalamu yalitolewa mwaka 1997 na John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 2019, Goodenough, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya betri za lithiamu kwa jumla. Aina hii ya fosfati haibebi nishati nyingi kwa uzito wake kama aina nyingine za lithiamu, lakini haiwaki moto kwa urahisi kama hizo, na huvumilia maelfu ya mizunguko ya kujazwa na kumalizwa.

Seli moja ya fosfati ya chuma ina volti 3.2. Seli 16 kwa mfuatano hutoa volti 51.2, na kama kila seli ina ampea-saa 100, betri nzima hubeba kilowati-saa 5.12. Asilimia 20 ikiachwa kama akiba, zabaki 4.1 za kutumia, na zikipita katika inveta hufika katika vyombo yapata 3.8. Usiku wa nyumba ya mfano ulihitaji 3.2. Betri moja inatosha.

Msomaji anaweza kuuliza: iweje basi kuhusu zile uniti 7.7 za mchana? Je, betri ya pili isingezikinga? Ingezikinga siku moja. Siku ya pili ingekutwa bado imejaa, kwa sababu hakuna aliyeitumia usiku. Ukubwa wa betri hupimwa kwa matumizi ya usiku, wala si kwa ziada ya mchana. Hili ndilo kosa linalofanywa mara nyingi kuliko yote katika kununua mitambo hii.

Gharama nayo ipigiwe hesabu kwa kila uniti inayotoka, si kwa bei ya dukani tu. Chukulia, kwa ajili ya zoezi, betri ya lithiamu ya shilingi 3,000,000 inayoweza kuvumilia mizunguko 6,000. Kwa uniti 4.1 kila mzunguko, itatoa uniti 24,600 maishani mwake, na kila uniti itakuwa imegharimu shilingi 122 za betri peke yake. Lakini mizunguko 6,000, mmoja kwa siku, ni zaidi ya miaka 16, na betri huzeeka kwa umri pia, hasa katika joto. Ikidumu miaka 10 tu, gharama hupanda hadi shilingi 200 hivi. Betri ya risasi ya ujazo huo huo, ikinunuliwa kwa nusu ya bei hiyo, lakini ikatolewa nusu tu ya chaji na kuvumilia mizunguko 1,000, hutoa uniti 2,560, kila moja kwa shilingi 586. Ile iliyoonekana rahisi dukani ni ghali karibu mara tatu. Na betri ya pili, ambayo hufanya kazi siku chache kwa mwezi, hutoa umeme ghali kuliko zote, hata iwe ya aina bora namna gani.

Joto lilitajwa. Betri isiwekwe chini ya bati wala katika stoo isiyo na hewa. Chumba chenye kivuli na madirisha, sakafu ikiwa ya saruji, huongeza miaka ambayo hakuna fedha inayoweza kuinunua baadaye.

KAZI ZA ADHUHURI

Ziada ya mchana ina wateja wengine, na wengi wao hawahitaji betri. Swali la kuuliza ni hili: kazi gani za nyumba zinaweza kufanywa saa tano hadi saa tisa mchana, na matunda yake yakangojea jioni?

Tangi la maji hutajwa kwanza kila mara, na kwa kweli linastahili sifa ndogo kuliko linayopewa. Kupandisha lita 1,000 kwa mita 60 kutoka kisimani huhitaji kilojuli 588, yaani uniti 0.16, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 40 huwa 0.4. Ni kazi inayofaa kufanywa mchana, lakini haimalizi hata sehemu ya kumi ya ziada.

Maji ya moto ni jambo jingine. Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzijoto 22 hadi 62 huhitaji kilojuli 4.2 mara 50 mara 40, ambazo ni kilojuli 8,400, au uniti 2.3. Pipa lililofunikwa kwa kizuia-joto, lenye maji ya kuogea familia jioni, hubeba nishati inayozidi nusu ya ile ya betri iliyogharimu mamilioni. Nishati hiyo haiwezi kurudi kuwa umeme, lakini kwa anayetaka kuoga hilo halimsumbui.

Kisha jiko. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva katika sufuria ya umeme ya presha kwa yapata uniti 0.4 au 0.5. Kwa jiko la mkaa, sufuria hiyo hiyo huhitaji moto wa saa mbili au zaidi. Tanzania, katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulioanza mwaka 2024, imejiwekea lengo kwamba asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nyumba yenye ziada ya uniti 7 kila adhuhuri imekwisha kuwa na nishati hiyo juu ya paa lake. Yaliyobaki ni kuhamisha saa ya kupika chakula kizito kutoka jioni hadi mchana, jambo ambalo kwa familia nyingi ni gumu kuliko kufunga paneli.

Nguo zipigwe pasi na kufuliwa kwa mashine wakati huo huo. Uniti 1 hivi. Pamoja na maji ya moto, pampu na maharage, ziada imetumika yapata uniti 4.2, na zimebaki 3.5.

Tahadhari moja: kazi hizi zifuatane, zisiende kwa pamoja. Adhuhuri paneli hutoa takriban wati 2,400. Pasi ya wati 1,000, kipasha-maji cha wati 1,200 na sufuria ya wati 1,000 zikiwashwa kwa wakati mmoja hutaka wati 3,200, na zile 800 zinazopungua huchotwa katika betri au katika gridi. Mtu akadhani anatumia ziada, kumbe anakula akiba ya usiku.

GRIDI KAMA GHALA

Ziada iliyobaki inaweza kupelekwa gridini kwa jirani anayeihitaji wakati huo. Utaratibu ambao mita hupima umeme unaoingia na unaotoka, na mwenye nyumba akahesabiwa tofauti, umetumika katika nchi nyingi. Jimbo la California nchini Marekani liliutumia kwa upana sana, mpaka ziada ya adhuhuri ikawa tatizo la jimbo zima: mahitaji kutoka mitambo mingine yalizama mchana na kupanda kwa ghafla jioni. Waendeshaji wa gridi waliuchora mwendo huo mwaka 2013, na kwa kuwa mchoro ulifanana na mgongo na shingo ya ndege, ukaitwa mchoro wa bata. Kuanzia Aprili 2023, nyumba zinazounganishwa upya huko hulipwa kidogo zaidi kwa umeme zinaotoa mchana, na matokeo yake yalikuwa kwamba nyumba nyingi mpya zilianza kununua betri.

Afrika Mashariki imeingia katika njia hiyo kwa tahadhari. Tanzania ilitoa kanuni za upimaji wa namna hii mwaka 2018. Kenya iliuweka katika Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na kanuni zake za 2024 humpa mwenye mtambo nusu ya thamani: uniti mbili zilizotolewa hurudishwa kama uniti moja. Ghala linalotoza nusu ya mzigo laonekana ghali, lakini ikumbukwe kwamba uniti hiyo isingezalishwa kabisa bila ghala hilo.

Asiye na mkataba na shirika la umeme asitoe chochote nje. Zaidi ya sheria, kuna sababu ya mita yenyewe. Baadhi ya mita za kielektroniki, zikiwamo za malipo ya kabla, huhesabu umeme unaopita bila kujali mwelekeo, au huuchukulia mwelekeo wa kinyume kuwa ni hila na kujifunga. Mwenye nyumba hujikuta anautoa umeme wake na kuulipia. Inveta mseto iagizwe isitoe hata wati moja. Kile kifaa cha duara karibu na mita ndicho kitakachosimamia agizo hilo.

MASIKA

Hesabu zote zilizotangulia ni za kiangazi. Siku za mawingu mazito, mtambo wa uniti 13 huweza kutoa 4 au 5 tu. Ziada hutoweka, na betri huamka asubuhi ikiwa na akiba ndogo. Katika majira hayo mpangilio wa inveta ubadilishwe: akiba ipandishwe kutoka asilimia 20 hadi 40 au 50, na inveta iruhusiwe kuchaji betri kutoka gridini alfajiri pale inapokuwa chini sana. Maji ya moto yapunguzwe kabla ya kitu kingine chochote. Jua likirudi, mpangilio urudishwe pia, maana betri iliyojazwa na gridi kabla ya mapambazuko haina nafasi ya kupokea jua la mchana.

ZOEZI KWA SHULE

Shule yenye mtambo wa jua inaweza kulichunguza jambo hili bila vifaa vya ziada. Kwa siku nne mfululizo wanafunzi wasome kioo cha inveta kila baada ya nusu saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kuandika mambo matatu: wati zinazotoka katika paneli, wati zinazotumiwa na shule, na asilimia ya chaji ya betri. Michoro ya wati mbili ichorwe katika karatasi moja ya mraba. Eneo lililo kati ya mistari hiyo miwili, likihesabiwa kwa viboksi, ndilo uniti zilizoingia katika betri au kutoka humo.

Siku ya tatu, mara betri inapofika asilimia 100 na mstari wa paneli ukaanguka, iwashwe kazi nzito moja, kwa mfano pampu au jiko la umeme la jikoni mwa shule, na mstari utazamwe upya dakika chache baadaye. Utapanda, ingawa jua halikubadilika. Siku ya nne ianze na betri iliyotumiwa usiku kucha katika bweni, na wanafunzi wakadirie kabla ya kifungua kinywa saa ambayo itajaa. Makadirio yao na saa halisi viandikwe ubavuni mwa mchoro, pamoja na hali ya mawingu.